Isitumiwe kwa Binadamu

Saa nane za usiku, Al-Khoudh.
Nje lami bado inatema joto la mchana.
Ndani mimi na sweta la marehemu baba
na chupa kumi na mbili zinazotikiswa, zinatikiswa,
kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake.

Mama kapiga simu kutoka wodini.
"We Shinuna, hao vijidudu unaowafuga,
wanakula nini usiku kucha?"
"Supu, mama. Hamira na chumvi."
Akanyamaza. Nyuma yake mashine ikalia mara mbili.
"Basi watu hao. Watilie na ndimu."

Sikumwambia mengine:
kwamba kila mmoja nimemvisha pete,
kijipete cha herufi zilizonakiliwa kutoka kwetu,
nikamimina dawa ya kuua kila asiye na pete,
na waliobaki wakazaana hadi supu ikaingia ukungu.
Kwamba saa tatu nilitia tone la kichocheo,
nikawaambia, haya, semeni.
Na wao, wasio na moyo wala mshipa,
ambao jamaa zao wanaishi matumboni mwetu bila kodi,
wakaanza kusema damu.

Damu ya Mundhir.
Mnyororo wake ni sawa na wangu, pete kwa pete,
ila mahali pa sita:
palipofaa glutameti pamekaa valini.
Kosa dogo hivyo
ungelikuta kwenye barua ungesoma ukapita.
Hili halipitiki.
Hewa ikipungua protini zinashikana, zinajipanga safu,
chembe inapinda ikawa mundu,
na mundu hauchagui shamba:
goti, mgongo, kifua, usiku wa kuamkia Idi.
Kazaliwa Ruwi, kasoma kwa Kiarabu,
anatania kwa Kiarabu na wauguzi,
lakini mifupa ikishikwa
analia kwa Kiswahili cha Wete
ambako hajakanyaga.

Saa tisa nikazima mashine,
nikawazungusha kwa kasi hadi wote wakalala chini,
nikageuza chupa kwenye taa.
Kwa kawaida wana rangi ya uji.
Hawa walikuwa waridi,
waridi ya kiganja cha bi harusi wiki ya pili,
hina inapoanza kuaga.
Nilikaa. Kiti kilikuwa mbali, nikakaa sakafuni.
Nilidhani watakosea matamshi.
Hawakukosea.
Hata lile kosa wamelitamka sawasawa.

Kisha kazi, kama kazi.
Nikawavunja kwa sauti juu ya barafu,
nikapitisha maji yao kwenye mrija wenye nikeli;
takataka ikapita, damu ikashika.
Kitabu kinasema osha mara tano.
Niliosha mara saba, sijui kwa nini. Najua.
Ilipotoka ilijaza kijichupa kisichozidi kidole cha mtoto.
Kesho Dokta Al-Yahmadi ataiondolea hewa
aone itashikana kwa dakika ngapi,
kisha atatia unga wake namba thelathini na moja
aone kama itachelewa.
Thelathini zilizotangulia hazikuchelewesha kitu.

Nikaandika lebo kwa kalamu isiyofutika:
tarehe, ujazo, herufi za jina langu.
Mstari wa mwisho umeshachapwa, kila lebo inao:
KWA UTAFITI TU. ISITUMIWE KWA BINADAMU.
Nikaisoma kama mtu anayesoma anwani yake mwenyewe
kwenye mlango aliofungiwa.
Iliyo ya binadamu, isitumiwe kwa binadamu.
Haki yao. Ina masazo ya bakteria ndani yake,
ingempandisha homa ya kuua.
Nilijua. Bado nikaishika kiganjani
sekunde chache kuliko niliyotaka,
zaidi ya ninazoruhusiwa,
kisha friji, themanini chini ya sifuri,
mvuke ukanipiga usoni.

Nikamimina klorini kwenye chupa zote kumi na mbili.
Povu likapanda, likatulia.

Adhana ya kwanza ilikuwa bado.
Simu ikatikisika mfukoni mwa sweta:
"Kaamka. Kaomba uji.
Wasalimie watu wako."